Sanduku la Tisini na Sita

Kwa jina la Mola aliyeitandika ardhi tabaka juu ya tabaka, akaficha moto ndani ya jiwe jeusi na pumzi ndani ya moto huo, tunaianza sura hii, tukimwomba aulinde ulimi wetu usiongeze neno wala usipunguze. Na rehema zimfikie Mtume wake, na wote waliomfuata kwa wema.

Ni wajibu kwanza tuwapange watu, kila mmoja mahali pake, ili msomaji asipotee.

Wa kwanza ni marehemu, kwani habari yote inamzunguka yeye. Alikuwa mjiolojia, na wachorongaji wake walimwita Bwana Nyundo, kwa kuwa hakuiacha nyundo yake hata alipokwenda harusini. Miaka thelathini na minne iliyopita alichoronga mashimo matatu katika bonde la mashapo ambalo wataalamu wengine walilipita bila kulitupia jicho. Katika Shimo la Tatu alisema amekuta tabaka la makaa ya mawe lenye unene wa mita kumi na moja, limejaa gesi. Kisha kazi ikasimamishwa, bonde likasahauliwa, naye akafa miaka sita iliyopita.

Wa pili ni Mzee wa Ghala, aliyekuwa mpangaji wa sampuli zake, na tangu siku hizo mlinzi wa ghala la miamba. Wa tatu ni Mtaalamu, mtu wa makamo aliyetumwa kulipima bonde hilo upya. Wa nne ni mjane wa Bwana Nyundo. Wa tano ni Mpelelezi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi na mkoba wa ngozi uliochakaa pembe zote. Jalada lilikuwa mkononi mwake tangu juzi. Saa tisa alasiri ya siku hii lilipaswa kufika kwa mwendesha mashtaka. Na likifika jinsi lilivyo, Mzee wa Ghala atashtakiwa kwa kuiba na kuharibu mali ya umma, akiwa amebakiza miezi minne astaafu.

Saa tatu asubuhi Mpelelezi alimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ghala, kanzu safi, fimbo kati ya magoti. Jicho lake la kulia lilikuwa bado jekundu, maana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho majuma saba yaliyopita.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Wewe umelala?"

"Nimelala kama mtu aliyeazimwa kitanda."

Mpelelezi akaketi kando yake. Akatoa mkobani karatasi ya maelezo, iliyopigwa chapa, yenye nafasi tupu chini.

"Haya ni maelezo yako ya juzi. Hukuyatia sahihi. Kwa nini?"

Mzee akaitazama karatasi, kisha akalitazama bati la paa.

"Makaa yapo," akasema.

"Yapo wapi?"

"Niliwaambia. Sanduku la themanini na tatu na la themanini na nne. Walifungua, wakaniita mwongo. Tangu hapo nimefunga mdomo."

"Na kuingia ndani uwaonyeshe?"

"Nimekatazwa kuvuka kizingiti, binti yangu. Ghala nililolifagia miaka thelathini na minne."

Mpelelezi akamwacha, akaingia ndani.

Lilikuwa jengo refu la bati na matofali, lenye mlango mmoja mwishoni. Ukisimama katikati ukaitazama rafu ndefu ya chuma, mlango ulikuwa mkono wako wa kuume. Juu ya rafu yamepangwa masanduku mapana ya bati, na kila kifuniko kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe iliyong'aa: moja kule mwisho wa kushoto, tisini na sita hapa mlangoni. Ndani ya kila sanduku mna mifereji mitano, na katika kila mfereji mmelala mita moja ya mwamba, uliokatwa mviringo na kutolewa ardhini. Wachorongaji wa zamani waliiita mishumaa.

Mtaalamu alikuwa akingoja, kalamu sikioni.

"Afande, jambo hili ni jepesi," akasema. "Masanduku tisini na sita, kila moja mita tano. Jumla mita mia nne na themanini. Daftari la marehemu linasema makaa yalianza mita mia nne na kumi, yakaisha mia nne ishirini na moja. Piga hesabu: sanduku la themanini na tatu, na la nne, na kipande cha la tano."

"Ukafungua."

"Nikafungua sita, kuanzia themanini na moja hadi themanini na sita, nisije nikaambiwa nilikosea kidogo. Tazama mwenyewe."

Akafungua waya, akainua kifuniko. Mpelelezi akainama. Mishumaa ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe, safi kama kuta za msikiti mpya. Jiwe la mchanga tupu. Hapakuwa na jeusi hata la kupakia kidole.

"Hakuna vibao vya kina?"

"Viliwekwa vya mbao. Mchwa walivila zamani. Tuna namba tu."

"Na namba hizi mpya?"

"Zangu. Za zamani zilikuwa zimefifia, mikwaruzo mikwaruzo isiyosomeka. Nikaleta wapaka rangi, nikasimama nao mwenyewe kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mzee alikuwa hospitali."

Mpelelezi akaandika. "Nieleze kama mtu asiyejua mawe. Mita kumi na moja za makaa zina uzito gani kwako?"

Uso wa Mtaalamu ukabadilika, kama wa mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Makaa yana gesi, Afande. Haikai kwenye uwazi kama hewa ndani ya chupa; imeng'ang'ania kwenye jiwe lenyewe, imekandamizwa na maji ya chini. Ukiyatoa maji, gesi inaachia. Mabonde mengine yana mashimo mamia, kila mtu anajua kilichomo. Hili lina matatu. Matatu! Bonde ambalo gari hulivuka kwa siku mbili, na watu wameingiza sindano tatu tu. Mawili hayakufika kina. Kwa hiyo ushahidi wote ni Shimo la Tatu. Kama ni la kweli, nitaandika bonde lirudiwe. Kama ni la uongo, nitaandika lifungwe, na halitafunguliwa tena katika umri wangu."

"Nawe unadhani marehemu alidanganya?"

"Sipendi kumsema aliyekufa. Lakini kuna mawili: ama hakukuta kitu, ama mlinzi ameyatoa. Kuna na hili."

Akamwonyesha rafu ndogo. Makopo mazito ya chuma yalisimama juu yake, kila moja na koki ya shaba kichwani. Ndimo makaa yalimofungiwa punde yalipotoka shimoni, ili gesi isitoroke kabla ya kupimwa.

"Orodha inasema kumi na tano. Hesabu."

Mpelelezi akahesabu. Kumi na nne.

"Na kufuli la mlango ni jipya," Mtaalamu akaongeza. "Aliyebadilisha ni nani?"

Mpelelezi akatoa karatasi nyingine. "Ofisi yako. Barua ya mwezi wa pili: la zamani lilishika kutu. Futa hilo la kufuli."

Mtaalamu akacheka kwa aibu. Mpelelezi akafunga mkoba. Ndani yake palikuwa na jalada la ajira la Mzee wa Ghala, alilolisoma alfajiri baada ya sala. Fomu ilikuwa ya manjano, imejazwa na Bwana Nyundo mwenyewe. Pale palipoulizwa, *Mwombaji anajua kusoma na kuandika?*, marehemu alikuwa ameandika maneno yaliyomfanya Mpelelezi atabasamu na asiyatilie maanani: *Anajua. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kitabu chake huanza pale changu kinapoishia.*

Alidhani ni mzaha wa wachimba mawe.

*

Nyumba ya mjane ilikuwa mtaa wa nyuma ya karakana ya reli, kuta zake zimepakwa chokaa, na mlango wake wa mbele ukiwa wazi, umezuiwa na kitu kizito kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Mjane alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchekesha, aliyeketi kwenye kiti cha nyuzi akichambua mchele.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye unayetaka kumfunga shemeji yangu?"

"Sitaki, mama. Natafuta njia nisimfunge."

"Basi keti karibu zaidi. Huyo shemeji hawezi kuiba hata usingizi. Kambini tulikuwa na kuku, akichinja mmoja anaomba msamaha kwa waliobaki."

Mpelelezi akaketi. Akaulizia siku za kambi, na mjane akaacha kuchambua.

Akasimulia kwamba walikuwa watu kumi na tisa na mahema tisa. Mtambo ulilia mchana kutwa, na ukinyamaza ghafla wote walisimama, kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Ndipo bomba likatolewa shimoni, mshumaa ukateremshwa, na Bwana Nyundo akaukimbilia na saa mkononi. Kipande cha makaa hakikupaswa kukaa nje hata dakika kumi. Kikafutwa, kikatiwa koponi, koki ikafungwa, mpira ukaunganishwa na bomba la kioo lililopinduliwa ndani ya ndoo ya maji. Kisha wakaketi kuhesabu mapovu. Kila dakika tano, kisha kila robo saa, kisha kila saa, siku hata siku.

"Mume wangu alisoma kioo, shemeji akaandika. Mimi nikawaletea chai. Nikiuliza, 'Mnahesabu nini?' anasema, 'Tunahesabu pumzi ya msitu uliokufa kabla ya Adamu.' Nikamwambia, 'Basi ukishamaliza, njoo uhesabu na soksi zako, moja haionekani.'" Akacheka, kisha akajifuta jicho kwa upindo wa kanga. "Siku ile barua ilipokuja kusema tufunge kazi, kopo la mwisho lilikuwa halijapimwa. Halikufunguliwa kabisa. Alikataa kuliacha. Alilishika kwenye mapaja njia nzima, kama mtoto mwenye homa."

"Liko wapi kopo hilo, mama?"

"Umelipita mlangoni, chini ya kitambaa."

Mpelelezi akageuka. Akainua kile kitambaa cha kufuma mlangoni. Kopo la kumi na tano lilisimama hapo, limepakwa mafuta ya kulainisha, koki yake ya shaba inang'aa kwa kupanguswa.

"Kila Ijumaa nalisugua," akasema mjane. "Yeye alikuwa akifanya hivyo. Nimeona nisiikatishe."

Mpelelezi akaandika mstari mmoja. La kufuli limefutika, la kopo limefutika. Lililobaki ni lile kubwa, jiwe la mchanga mahali pa makaa.

Alipoinuka kuaga, macho yake yakaangukia picha ukutani. Haikuwa na rangi, na ukungu umeila pembeni. Bwana Nyundo, kijana mwembamba mwenye nyundo mkandani, ameketi juu ya sanduku la bati. Kando yake kijana mwingine mwenye kofia ya mkono, amesimama wima. Nyuma yao mwanga unamwagika kutoka mlangoni, karibu kiasi cha kuugusa.

"Ilipigwa lini?"

"Siku masanduku yalipoingia ghalani. Itoe, nyuma ameandika."

Mpelelezi akaigeuza. Mwandiko wa Bwana Nyundo, ule ule wa fomu ya manjano, ulisema: *Sanduku la kwanza. Mpangaji amekataa kuketi, anasema si adabu kukalia ukurasa wa mwanzo.*

Mpelelezi akaigeuza tena. Akautazama ule mlango kwenye picha kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "ghala lilipata kuwa na mlango mwingine?"

"Ghala lile? Lina huo huo mmoja. Mume wangu aliomba wa pili mpaka akaota mvi."

"Basi nikuombe ufuatane nami. Na hilo kopo tulichukue."

*

Ilikuwa saa nane kasorobo walipofika. Mpelelezi alimshika Mzee wa Ghala mkono pale benchini.

"Inuka, mzee wangu. Katazo la kizingiti nimeliondoa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya jalada. Mpaka saa tisa ni langu."

Mzee akavua viatu kwa mazoea, akaingia kwa mguu wa kulia. Alipoiona rafu na zile namba nyeupe, akasimama.

Mpelelezi hakumwuliza kitu. Akasimama mbele ya sanduku lililo karibu na mlango, lenye namba tisini na sita.

"Mtaalamu, hili ulilifungua?"

"La nini? Hilo ni mwisho wa shimo. Mita mia nne na themanini. Mwamba wa chini kabisa."

"Lifungue."

Kifuniko kikainuliwa. Mpelelezi akavaa miwani, akapitisha kidole mfereji wa kwanza. Mwamba humo haukuwa mshumaa mzima. Ulikuwa umevunjikavunjika, wa manjano na wekundu, unaacha vumbi kidoleni. Akachukua kibano cha nyusi mkobani, akachomoa kitu chembamba kutoka kwenye ufa, akakiweka juu ya kiganja.

"Hiki ni nini?"

Mtaalamu akasogea. Akakitazama. Akakitazama tena.

"Ni mzizi," akasema polepole.

"Wa mti?"

"Wa majani tu. Mzizi wa majani."

"Majani yapi huota mizizi ya mita mia nne na themanini?"

Mpelelezi akatoa kisu kidogo, akakwangua rangi nyeupe kwenye pembe ya kifuniko. Chini yake bati lilikuwa limechorwa kwa msumari: mstari mmoja wima, mfupi. Akalipita sanduku baada ya sanduku hadi mwisho wa kushoto, akakwangua namba moja. Hapo chini ya rangi zikatoka alama mbili, zile ambazo Mpelelezi alizichora ubaoni akiwa na miaka saba, miguu imekunjwa juu ya mkeka, mwalimu wa chuoni akimsimamia: tisa, kisha sita, kwa tarakimu za msahafu.

"Hii mikwaruzo yako isiyosomeka," akasema, "inasomeka. Hapa ni tisini na sita. Kule mlangoni ni moja. Bwana, umekipaka rangi kitabu kizima kuanzia nyuma."

Mtaalamu akashika kichwa. "Nilianzia kushoto. Nani haanzi kushoto?"

"Watu wengi sana," akasema mjane kutoka mlangoni, "na wanasali mara tano kwa siku."

"Ukitaka sanduku lake la themanini na tatu," Mpelelezi akaendelea, "toa kwenye tisini na saba."

"Kumi na nne," Mtaalamu akanong'ona. Tayari alikuwa anakimbia. Waya ulimkata kidole, hakujali. Kifuniko cha kumi na nne kikaanguka sakafuni kwa kishindo, cha kumi na tatu kikafuata, cha kumi na mbili kikafuata.

Weusi ule ulikuwa mzito na wenye kung'aa, mfereji kwa mfereji, mita kwa mita, kumi na moja kamili. Na katika sanduku la kumi na mbili, baada ya mfereji mmoja tu, ukakoma ghafla, kama mstari wa wino. Mtaalamu akapiga magoti mbele yake. Akauweka mkono juu ya makaa.

Mpelelezi akamgeukia Mzee wa Ghala.

"Ulijua tangu ulipoambiwa themanini na tatu ni mchanga."

"Nilijua."

"Neno moja tu lingekutoa. 'Hesabuni kutoka mlangoni.' Mbona ulinyamaza?"

Mzee akaketi juu ya kopo tupu.

"Binti yangu, mimi herufi za ofisi sizijui. Nimesoma chuoni, nimehitimu, naandika barua, naandika tenzi; lakini kwa herufi za msahafu. Hizi zenu nimezikwepa miaka thelathini na minne. Karatasi ikija, nasema miwani nimeisahau. Bwana Nyundo alijua. Siku ya kwanza kambini aliniambia, 'Panga mishumaa kama unavyosoma kitabu.' Nikaanzia kulia. Akaja, akatazama, akacheka hadi akakaa chini. Nikadhani nimefukuzwa. Akasema, 'Endelea hivyo hivyo. Ardhi haina kushoto.'"

"Na fomu ya ajira?"

"Ndipo penyewe." Sauti yake ikashuka. "Kazi ya serikali ilitaka mtu ajuaye kusoma. Akanijazia fomu, akaniambia, 'Tia kidole, mengine niachie.' Alidanganya kwa ajili yangu. Nikisema leo kwa nini masanduku yameanzia kulia, mtauliza ulijifunzia wapi, mtafungua fomu, na jina lake litaitwa mwongo akiwa kaburini. Mtu aliyenipa mkate miaka yote hiyo. Nikaona heri niitwe mwizi mimi niliye hai, naweza kujitetea mbele ya Mola wangu."

Mjane alikuwa ameweka mkono kinywani.

Mpelelezi akafungua mkoba. Akaitoa ile fomu ya manjano, akavuta kiti, akaketi goti kwa goti na mzee.

"Hukuwahi kusomewa?"

"Nani anisomee? Ningemwomba nani?"

"Basi sikiliza. Panaulizwa: mwombaji anajua kusoma na kuandika? Na marehemu amejibu: 'Anajua.' Hakuishia hapo. 'Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kitabu chake huanza pale changu kinapoishia.'"

Bati la paa likalia kwa joto.

"Rudia," akasema mzee.

Akarudia.

"Kitabu chake," mzee akasema, "huanza..."

"Pale changu kinapoishia. Hakudanganya, mzee wangu. Hakuficha hata kidogo. Aliiambia serikali ukweli wote, ila serikali haikuuliza zaidi. Na mimi niliyasoma alfajiri hii nikadhani ni utani. Kumbe alikuwa ameniachia ufunguo wa ghala."

Mzee wa Ghala akainamisha uso kwenye viganja vyake. Mabega yakatikisika mara mbili, tatu. Mjane akamwendea, akasimama kando yake.

"Shemeji, acha bwana. Ukilia hapa utatulowanishia ushahidi."

Mzee akacheka katikati ya machozi, kicheko cha mtu aliyeutua mzigo asiojua kuwa ulikuwa mtupu.

Mpelelezi akamsomea maelezo upya kwa sauti, mstari kwa mstari, akaongeza yaliyopungua. Kisha akamkabidhi kalamu. Mzee akaishika, akapeleka mkono upande wa kulia wa ile nafasi tupu, akaandika jina lake kwa herufi zake, pana, zenye mikunjo iliyotulia. Hakuna aliyewahi kuiona sahihi hiyo katika ofisi ile.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Juu ya jalada Mpelelezi akaandika: *Hakuna kosa la jinai. Makaa yapo. Namba zisomwe kuanzia mlangoni.*

"Na kopo?" Mtaalamu akauliza. Alikuwa bado na weusi viganjani, na hakuthubutu kumtazama mzee usoni. "Miaka thelathini na minne, Mzee. Koki itakuwa imevuja. Hata ikitoka kitu, hakitafaa kwenye ripoti yangu."

"Lete ndoo," mzee akasema.

Ndoo ikaletwa. Akalitafuta bomba la kioo kwenye kabati, mahali alipoliweka mwenyewe, akalijaza maji, akalipindua kwa mkono usiomwaga tone. Mpira wa zamani ulikuwa umepasuka. Mtaalamu akatoa mpya kwenye sanduku lake, akauunganisha akiwa amepiga magoti. Mjane akatoa saa ya marehemu, aliyokuja nayo mkobani bila kuambiwa.

"Soma wewe, shemeji," akasema mzee. "Mimi niandike."

Akazungusha koki. Shaba ikalia. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha povu moja likapanda ndani ya kioo, dogo, likitetemeka. Likafuata la pili. La tatu. Mjane akahesabu kwa sauti ile ile aliyohesabia kambini, na mzee akaandika kutoka kulia. Lilipopanda la saba, maji yakatulia.

"Saba," akasema mjane.

"Hiyo haitoshi kuwa hesabu," Mtaalamu akasema kwa upole.

"Si hesabu, mwanangu," akajibu Mzee wa Ghala, akifunga koki. "Ni salamu."

Mtaalamu akainuka. Akamwomba mzee radhi mbele ya wote, akamwomba pia, katika miezi minne iliyobaki, amfundishe tarakimu zile, kwa kuwa masanduku ya mashimo mawili mengine yalikuwa bado hayajapakwa rangi. Mzee akamtazama kwa jicho lake jekundu.

"Uje asubuhi," akasema. "Na uvue viatu."

Mpelelezi akatoka na jalada kwapani. Nyuma yake akasikia wakicheka, sauti tatu, na sanduku likiburutwa kuelekea mlangoni.

Ewe Mola uliyejua kina cha kila shimo kabla halijachorongwa, mrehemu aliyetangulia na nyundo yake, umpanulie kaburi lake kama alivyowapanulia wengine riziki. Na hawa waliobaki, mjane mwenye saa, mzee mwenye kalamu, na mtaalamu aliyepiga magoti, wape afya ya macho, wape umri wenye kheri, na usiwaache wakibeba peke yao mzigo ulioutua zamani. Amin.